Kijana wangu anakaba watu, ni filamu au ni utundu?

Mama Zubeda, Bombo, Uganda: Asalaam aleykum. Kijana wangu ana miaka 9. Akitoka shule hupitia kibanda cha video, shilingi 500. Jana nimemkuta kamkaba mdogo wake kwa leso yangu, huku anatangaza kwa Kiganda kama VJ, yule anayetafsiri filamu kibandani, na mlio wa risasi anauiga kwa mdomo! Nimfungie?

Mwalimu, Jinja: Pole, mama. Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake, Marekani, waliwaonyesha watoto filamu ya mtu mzima akipiga mwanasesere wa kujazwa hewa. Wengi waliiga, mpaka kumpiga kwa nyundo kama kwenye filamu. Ila mwanasesere yule ameundwa ili apigwe. Mdogo mtu ni mambo mengine.

Boda wa Arua: Mimi nimekulia kibandani, sijamkaba mtu. Kiboko cha mzee ndicho kilinifundisha kupiga. Muulize nani anampiga yeye.

Mama Zubeda: Nimemuuliza usiku, akachelewa kujibu. Kumbe wakubwa wa darasa la sita humkaba hivyohivyo njiani, wachukue hiyo mia tano. Kesho naenda shule. Kibanda nacho, Jumamosi tu, na mimi nitakaa naye.