Nalipa ada ya mchepuo wa Kiingereza, mwalimu hajui "teach" wala "learn"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jana usiku nimekagua daftari la binti yangu wa darasa la tano. Shule ni ya mchepuo wa Kiingereza, jina nalihifadhi. Mtoto kaandika "My grandmother taught me to cook." Sentensi haina kasoro. Mwalimu kapita na kalamu nyekundu, kakata "taught", juu yake kaandika "learned". Na maksi kapunguza! Mtoto ananiuliza, "Baba, si wewe uliniambia ni taught?" Nikakosa la kumjibu.

Asubuhi nikatia timu shuleni. Mwalimu wa taaluma kanikaribisha kiti, kasoma, kasema: "Mzazi, hayo ni yaleyale tu, kufundisha na kujifunza vinakwenda pamoja."

Yaleyale? Nikikufundisha pikipiki, anayejifunza ni mimi au wewe? "Teach" ni la anayetoa somo, "learn" ni la anayelipokea. Bibi akifundisha ni "she taught me", basi, hata "to" huiweki kabla ya "me". Ukianza na mtoto, bibi anakuja na "from": "I learned it from her." Hayo ni ya kumaliza kwa kipindi kimoja. Na afadhali angekosea mtoto, huyu alipatia akakosolewa!

Chanzo nakifahamu. Kwetu kujifunza ni kufunza kulikotiwa "ji", mzizi mmoja, kwa hiyo mtu anaona maneno ni ndugu. Halafu kuna "kusoma", hilo ndilo balaa lenyewe. Tunasoma gazeti, tunasoma kwa ajili ya mtihani, tumesoma Tabora. Kiingereza kimeyagawa: gazeti "read", mtihani "study", na Tabora "I went to school in Tabora". Sasa jitu zima kwenye usaili linasema "I read in Tabora", msikilizaji anabaki kujiuliza lilisoma kitabu gani huko. (Waingereza husema mtu "read law" chuo kikuu, yaani alisomea sheria, lakini hiyo ni habari nyingine.) Hata "study" na "learn" si mamoja. Unaweza ku-study kwa muda wa saa 3 na usi-learn kitu. La kwanza ni jasho, la pili ni kilichobaki kichwani. Nani kawaeleza watoto hilo?

Najua atatokea mjuaji aseme Shakespeare naye alitumia "learn" kwa maana ya kufundisha. Ni kweli, na mitaani Uingereza bado wapo wanaosema hivyo. Ila anayesahihisha mtihani wa darasa la saba si Shakespeare.

Kinachonichoma zaidi: shule hiyohiyo, mtoto akiponyokwa na neno la Kiswahili anavishwa kibao shingoni mpaka jioni. Binti yangu kashakivaa mara mbili, mara moja kwa kusema "naomba maji". Huyu aliyeandika "learned" kwa wino mwekundu anavishwa na nani?

Kesho narudi na kamusi, na awamu ya ada iliyobaki silipi mpaka maksi ya mwanangu irudi. Mlio na watoto kwenye shule za aina hii, fungueni madaftari usiku huu mtuambie mmekuta nini.