Naomba ushauri: Nusu kaputi, na tena ganzi, kwa upasuaji mmoja wa nyongo?

Kijana wa Shangani
Shikamooni wakubwa. Mama yangu, mkazi wa Newala mwenye kilo 52, atatolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu huko Dar es Salaam wiki ijayo. Tumeelezwa kwamba licha ya nusu kaputi atachomwa ganzi ya bupivakaini kwenye matundu yote manne. Mama ameikataa, kwa sababu alipong'olewa jino mwaka juzi, mara tu baada ya sindano moyo ulimwenda mbio na mikono ikatetemeka. Je, tumshawishi au tumwache?

Zamu ya Usiku
Kaka, mimi ni muuguzi wa usingizi, nipo Lindi. Nusu kaputi ikishaisha haiachi kinga yoyote kwenye vidonda, ilhali bupivakaini huendelea kufanya kazi pale ilipochomwa kwa saa 4 hadi 8 hivi, ambazo ndizo saa ngumu zaidi. Ukomo wa dozi unaotumika sana ni miligramu 2 kwa kila kilo, yaani 104 kwa mama. Mililita 20 za dawa ya asilimia 0.25 zina miligramu 50 tu, lakini za asilimia 0.5 zina 100, ndiyo maana uzito hupimwa, haukisiwi. Kuhusu jino, ganzi ya meno mara nyingi huchanganywa na adrenalini, nayo ndiyo huupeleka moyo mbio. Huo si mzio. Hata hivyo mtaalamu wa usingizi aambiwe yote, hasa kama mama alivimba midomo au kutoka upele.

Mkorosho Mkongwe
Kwangu mimi hiyo ni njia ya kunenepesha bili. Mdogo wangu alichomwa ganzi hiyo hiyo na bado alilia usiku kucha kwa maumivu ya bega la kulia.

Zamu ya Usiku
Mzee wangu, bega hilo ni kazi ya gesi ya kaboni dayoksaidi inayojazwa tumboni ili daktari apate nafasi. Husumbua msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kwa kuwa neva ya msuli huo hutokea shingoni, ubongo hudhani kinachouma ni bega. Ganzi ya kwenye ngozi haifiki huko. Maumivu hayo huisha yenyewe baada ya siku chache. Wala siipambi ganzi: mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikuta kwamba hupunguza maumivu ya siku ya kwanza kwa kiasi kidogo, tena kwa ushahidi dhaifu.

Mama Mikindani
Mwanangu, mimi nilichomwa, na jioni nikajiona mzima hata nikakataa parasetamoli. Ganzi ilipoisha saa tatu usiku, kila tundu lilijitambulisha upya. Mama ameze dawa atakazoandikiwa kwa saa zake, asingoje kuumwa. Na msiharakishe kumpandisha basi la kurudi kusini. Mimi kila tuta nililipokea kwa kanga iliyokunjwa, nimeikandamiza tumboni.

Kijana wa Shangani
Nawashukuru. Nimemsomea mama majibu yote, naye anauliza jambo moja tu: je, hiyo ya tumboni nayo ina adrenalini?

Zamu ya Usiku
Ipo yenye adrenalini na isiyo nayo. Aombe mwenyewe ile isiyo nayo, kabla hajaingia chumba cha upasuaji.