Anayedanganywa ndiye anayechekwa, mwongo anatembea kifua mbele. Nimechoka!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha. Nimedanganywa, nimepoteza hela, na nilipothubutu kusema, watu wanaonipenda kabisa wakaniambia kosa ni langu kwa sababu niliamini. Aliyepanga uongo, akaukariri, akaja kunitazama usoni akausema, huyo hakuulizwa na mtu. Nikaulizwa mimi!

Kisa chenyewe ni cha kawaida, na ndiyo maana nakileta hapa. Mfanyakazi mwenzangu, mtu tunayesalimiana kila asubuhi, alinifuata akasema mama yake amelazwa, anahitaji upasuaji, na hospitali inataka malipo ya awali. Alizungumza kwa sauti ya chini. Akaniomba nisimwambie mtu kwa kuwa mama hapendi ugonjwa wake ujulikane. Nikatoa. Baadaye nikakutana na mama huyohuyo barabarani, mzima wa afya, ananilaumu kwamba nimemsahau siku hizi. Nilipombana mwanawe hakutahayari hata kidogo. Alinijibu hivi: "Ningekwambia ukweli usingenipa."

Isomeni tena kauli hiyo. Alijua kwamba nikiujua ukweli nitakataa, kwa hiyo akahakikisha siujui. Hela zinaweza kurudi, na mimi siyo wa kwanza kupoteza hela. Kinachoniuma ni kwamba uamuzi wa kutoa au kutotoa ulikuwa wangu, akanipokonya huku mimi nikidhani ninaamua. Mwizi anayevunja dirisha angalau hakulazimishi umfungulie mlango na kumpa pole juu yake.

Halafu wanakuja wenye akili zao: "Wewe nawe! Unampaje mtu hela bila kuthibitisha?" Nithibitishe vipi? Nimwambie mtu anayelengwalenga machozi aniletee cheti cha daktari? Niende wodini kuhesabu vitanda? Wanaosema hivyo wenyewe wakiuguliwa kweli, siku hiyo wanataka waaminiwe papo hapo, na mtu akiwauliza maswali watasema hana utu.

Ngoja niseme jinsi uongo wa namna hii unavyotengenezwa, maana watu wanauchukulia kama kitu kinachomtoka mtu kwa bahati mbaya. Kwanza anachagua jambo ambalo ni aibu kulihoji: ugonjwa, kifo, mtoto. Anajua ukihoji utaonekana katili, hata machoni pako mwenyewe. Pili anaweka haraka: ni leo, kabla ya saa fulani, daktari anasubiri. Haraka hiyo kazi yake ni moja tu, kukunyima nafasi ya kumpigia mtu simu ukauliza. Kisha anaweka siri, na hii siri ndiyo sumu kubwa kuliko zote. "Usimwambie mtu" inafanya kila aliyeombwa adhani yupo peke yake. Nimekuja kugundua ofisini kwetu hatukuwa wachache tulioambiwa habari ya huyo mama, na kila mmoja alikuwa akimtunzia siri yake kwa uaminifu! Tungeongea mara moja tu wakati wa mapumziko, mchezo ungekwisha.

Na kabla ya hayo yote kuna matayarisho. Miezi ya nyuma aliwahi kunikopa kiasi kidogo, akarudisha kabla ya siku tuliyokubaliana. Nikamwona mtu wa ahadi. Leo ninaona kwamba ule mkopo mdogo ulikuwa chambo. Mbinu hiyo ina umri mrefu. Mwaka 1920, mjini Boston, Marekani, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45 kwa biashara ya kuponi za posta za kimataifa. Waliotangulia walilipwa kweli, wakahesabu noti mkononi, wakaenda kuwaita ndugu na majirani. Walichokuwa wanalipwa ni pesa za waliokuja nyuma yao, kwa sababu faida ya kuponi haikuwapo. Kwa hiyo mtu akiniambia "angalia kwanza kama analipa", najibu kwamba tapeli anayejua kazi yake hulipa vizuri kuliko mtu mkweli mwenye shida. Analipa mpaka siku anayoitaka yeye.

"Basi ungemtazama machoni." Hili nalo limenichosha. Imani kwamba mwongo hukwepa macho ipo duniani kote, watafiti waliuliza watu wa nchi nyingi sana na jibu lililoongoza lilikuwa hilohilo, macho. Ni imani isiyo na mguu wa kusimamia. Wapo wakweli wengi wenye haya wanaotazama chini, na mwongo aliyezoea atakukazia macho mpaka wewe ndiye utazame pembeni. Mwaka 2006 watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu uwezo wa binadamu kutofautisha ukweli na uongo kwa kumsikiliza na kumtazama msemaji. Wastani wa kupatia ulikuwa kama asilimia 54. Ukirusha sarafu unapata 50! Huo ndio uwezo wetu sote, wewe unayejiita mjanja ukiwemo. Kama hujawahi kupigwa, huenda hukuwahi kulengwa na anayejua kazi yake. Au umepigwa na hujajua bado.

Mnaosema wanaodanganywa ni wajinga, nawauliza kuhusu Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji wa Marekani. Kwa miaka mingi alichukua pesa za watu matajiri, mifuko ya hisani na mabenki, watu wenye wahasibu na wanasheria wao. Hakuahidi makubwa kama Ponzi. Aliahidi faida ya wastani inayokuja kila mwaka bila kuyumba, na utulivu huo ndio uliowalaza watu. Mchambuzi mmoja wa fedha, Harry Markopolos, aliwaandikia wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani kuanzia mwaka 2000 akiwaonyesha kwa hesabu kwamba faida ile haiwezekani. Hawakumkamata Madoff. Alikamatwa Desemba 2008, baada ya kukiri kwa wanawe mwenyewe na wao kutoa taarifa, na mwaka 2009 akahukumiwa kifungo cha miaka 150. Wasomi wale, pamoja na vyeti vyao vyote, waliingizwa mkenge miaka na miaka. Mimi niliyeambiwa mama wa mtu anaumwa ndiyo nilitakiwa nishtuke?

Kuna lingine linanipandisha presha zaidi: "Ndiyo dunia ilivyo, kila mtu ni mwongo." Huo ni utetezi wa waongo, na unaporudiwa na watu waaminifu unawapa waongo mahali pa kujificha. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi uliowauliza Wamarekani watu wazima 1,000 wamesema uongo mara ngapi ndani ya saa 24 zilizopita. Takriban asilimia 60 walisema hawakudanganya hata mara moja, na karibu nusu ya uongo wote ulioripotiwa ulitoka kwa asilimia 5 tu ya watu. Najua mtakachosema, kwamba wengine walidanganya hata kwenye majibu. Inawezekana. Lakini tazameni maisha yenu wenyewe: mkihesabu watu waliowaumiza kwa uongo, je, ni kila mtu mnayemjua, au ni majina yaleyale yanayojirudia? Kwangu mimi ni majina yaleyale. Na sote tunayajua, na sote tumenyamaza.

Simzungumzii anayesifu nguo ya mwenzake ambayo haimkai vizuri, wala anayemwambia mgonjwa "leo umeamka vizuri". Hayo tumesameheana na hayamnyang'anyi mtu kitu.

Nazungumzia "nipo njiani, nakaribia kufika" ya mtu ambaye hajatoka kitandani, wakati wewe umesimama juani na shughuli zako umeziacha. Watu wanauona huo ni uongo mdogo. Udogo wake uko wapi? Angesema "sijatoka, nitachelewa", ungeendelea na kazi zako. Nazungumzia fundi anayesema "kesho njoo uchukue" huku anajua kitu chako hajakigusa, wewe unapanda gari, unafika, unaambiwa tena kesho. Nazungumzia wanaomwambia mtafuta kazi "tutakupigia" wakati nafasi ilishajazwa na faili lake lipo kwenye ndoo ya taka. Yule kijana anakaa na simu mkononi, anaogopa hata kuingia kuoga. Nazungumzia mtu mwenye ndoa anayejitambulisha kuwa hana mtu, anakula miaka ya ujana wa mwenzake, na siku ukweli ukitoka jamii inamgeukia aliyedanganywa: "Kwani hukuona dalili?"

Katika yote hayo anayedanganya anaokoa kitu chake, ama muda, ama aibu, ama hela, na gharama anaihamishia kwa mwenzake. Ndiyo sababu kubwa ninayoiona ya watu kudanganyana kila siku. Uongo ni rahisi kwa anayeusema. Fundi akisema ukweli leo atakutana na uso wako uliokunja. Akisema "kesho", uso huo ataukuta kesho, na huenda kesho asiwepo dukani. Aliyekosa nauli anaona afadhali aseme "naumwa" kuliko aseme hana kitu. Huyu wa mwisho namwonea huruma, sifichi. Wapo wanaodanganya kwa sababu tumewafundisha kwamba ukweli unaadhibiwa: mtoto aliyevunja chombo akasema "ni mimi" akachapwa, kesho atasema ni paka. Mfanyakazi aliyekiri kosa akafokewa mbele za watu, hatakiri tena. Wenye nguvu tunaotaka kuambiwa mema tu, wazazi na wakubwa wa kazi, tuna mkono wetu kwenye uongo huo.

Lakini mwenzangu yule hakuogopa kipigo cha mtu yeyote. Alipiga hesabu. Na hesabu yake ilikuwa sahihi, hilo ndilo linalonikosesha usingizi! Alijua nikigundua nitaona haya kuwaambia watu, alijua nikisema nitachekwa mimi, na alijua kwamba baada ya muda watu watasema "yaishe, ni mambo madogo". Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Siku hizi sisi ndio tunaitengeneza, tunaiongezea urefu na kumfagilia apite. Yule bwana bado anakuja kazini, bado anataniana na watu, na juzi nimesikia ameanza kuzungumza kwa sauti ya chini na mwajiriwa mpya.

Na atakuwa mzoefu zaidi. Watafiti wa London mwaka 2016 waliwapima watu ubongo wakati wakidanganya kwa faida yao wenyewe. Walikuta sehemu inayohusika na hisia ilishtuka mwanzoni, kisha mshtuko ukawa unapungua kadiri uongo ulivyorudiwa, na uongo wenyewe ukawa unakua. Kwa hiyo mnaponiambia nimwache, dhamiri itamsuta, naomba mniambie dhamiri ipi, maana inavyoonekana inazoea.

Mmeniambia pia kwamba nimejifunza, kuanzia sasa nisimwamini mtu. Sitaki somo hilo. Nikilikubali, atakayelipa ni yule ambaye mama yake ataumwa kweli, atakuja kwangu akitetemeka, nami nitamtazama kama tapeli. Uaminifu wa mtu mwenye shida ya kweli umeshaibiwa pamoja na hela zangu. Hakuna anayelihesabu hilo. Kuamini siyo ugonjwa wa kutibiwa. Bila kuamini huwezi kupanda gari, kunywa dawa uliyoandikiwa, wala kumwachia jirani mtoto.

Nilichofanya mimi ni hiki. Nimeivunja ile siri. Nimewaambia wenzangu kazini waziwazi, mbele yake, nilichoambiwa, nilichotoa, na siku niliyokutana na mama yake mzima. Alisema namdhalilisha. Wawili wakanivuta pembeni wakasema ningeyamaliza kimyakimya kiutu uzima. Lakini na wengine walinifuata jioni, mmoja mmoja, kuniambia "hata mimi". Mwajiriwa mpya alikuwa amepanga kutoa hela mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo uzi huu nataka utumike hivi. Kama umewahi kupigwa na mtu wako wa karibu, andika hapa alivyokujia, alisema nini kwanza, aliweka haraka gani, siri gani. Majina wekeni pembeni, andikeni mbinu, ili mwingine akiisikia aitambue mapema. Na wewe unayekuja kuandika "ulikuwa unawaza nini", tafadhali pitiliza, nenda uzi mwingine. Kama una swali, mwulize aliyedanganya.