Jicho la mtoto ni jeupe, lakini daktari anasema limevimba ndani. Je, tuendelee na dawa?

Mama wa Tabata aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Binti yangu ana miaka 6 na anatibiwa baridi yabisi ya watoto tangu goti lake lilipoanza kuvimba. Hajawahi kulalamika macho, wala hayajawahi kuwa mekundu. Hata hivyo, kliniki walimtuma kwa daktari wa macho, ambaye alimwangalia kwa mashine na kusema kwamba macho yote mawili yamevimba kwa ndani, ugonjwa aliouita uveitisi. Amemwandikia matone ya prednisoloni na ya atropini, na sasa anataka aanze methotreksati, ambayo muuza dawa wa mtaani kwetu ameniambia ni dawa ya saratani. Kabla ya hapo alipigwa picha ya kifua na kupimwa hata kaswende, jambo ambalo baba yake alilichukulia kama tusi. Bibi yake naye anasema tunamtia mtoto dawa kali katika jicho zima. Naomba wenye uelewa wanieleze kama kweli ugonjwa unaweza kuwapo bila dalili yoyote, na kama ni lazima kufika kwenye methotreksati.

Muuguzi wa Macho, Ilala:

Mama, pole kwa kuuguza. Ndiyo, unaweza kuwapo bila dalili, na hapo ndipo penye hatari yake. Uveitisi inayoambatana na baridi yabisi ya watoto mara nyingi huanza sehemu ya mbele ya jicho bila wekundu, bila maumivu na bila machozi, na huwapata zaidi watoto ambao baridi yabisi yao ilianza wakiwa wadogo, ikashika viungo vichache, na ambao kipimo cha damu kiitwacho ANA kimeonesha chanya. Kinachoonekana kwenye mashine ile ni chembe nyeupe za damu zinazoelea katika maji ya mbele ya lenzi, na hizo hakuna mzazi anayeweza kuziona kwa kumtazama mtoto usoni hata angekuwa makini kiasi gani. Kwa sababu hiyo mwongozo wa madaktari wa baridi yabisi wa Marekani wa mwaka 2019 unataka watoto walio katika hatari kubwa waangaliwe macho kila baada ya miezi 3 hata kama hawalalamiki.

Ukiachwa, ugonjwa huu hugandisha sehemu yenye rangi ya jicho kwenye lenzi, huweka utando wa chokaa juu ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na huweza kuleta mtoto wa jicho au presha ya macho. Atropini uliyopewa inapanua mboni ili isigande, na prednisoloni inatuliza uvimbe wenyewe. Sasa, matone ya steroidi kama hiyo prednisoloni yakitumika mara nyingi kwa siku na kwa muda mrefu, nayo huleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya macho. Kwa hiyo ikiwa mtoto bado anahitaji hata tone moja au mawili kwa siku baada ya miezi 3, inashauriwa kuongeza dawa ya mwili mzima inayotuliza kinga, kama methotreksati, ili matone yapunguzwe, na uvimbe ukiwa mkali daktari anaweza kuianza mapema zaidi.

Kuhusu vipimo, baba asiudhike. Kifua kikuu na kaswende, ambayo mtoto anaweza kuzaliwa nayo, vyote huweza kuvimbisha jicho kwa ndani, na dawa za kutuliza kinga zikitolewa wakati kuna maambukizi yaliyojificha, huyapa nafasi ya kusambaa. Daktari asiyepima hayo kwanza ndiye wa kutiliwa shaka.

Mfamasia, Kinondoni:

Nakazia upande wa dawa. Methotreksati hutumika kwa saratani kwa dozi kubwa sana, ilhali kwa baridi yabisi na uveitisi dozi ni ndogo na hutolewa mara moja kwa wiki. Tafadhali chagueni siku moja na muiandike ukutani, kwa maana kuimeza kila siku kwa kukosea kumeua watu. Hupewa pamoja na asidi ya foliki ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo, na damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Matokeo yake huchukua wiki kadhaa hadi miezi, hivyo msikate tamaa mapema.

Jambo ambalo wazazi wengi hapa mjini hawaambiwi ni Septrini, ile dawa ya kuua bakteria. Mtoto akikohoa au akiharisha, ni rahisi mtu kuinunua dukani, lakini ikikutana na methotreksati inaweza kuudhuru uboho, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, hadi chembe za damu zikaporomoka. Kila mnapokwenda zahanati, tangulizeni kusema mtoto anatumia dawa gani. Vivyo hivyo kwa chanjo zenye vimelea hai, kama ya surua na rubela: ulizeni kwanza.

Baba wa Mbagala:

Mwanangu alianza na methotreksati peke yake, uvimbe ukarudi, akaongezewa sindano ya adalimumabu, dawa nyingine ya kutuliza kinga, kila baada ya wiki mbili. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, wenye watoto 90, matibabu yalishindwa kwa asilimia 27 ya waliopata sindano hiyo pamoja na methotreksati, na kwa asilimia 60 ya waliobaki na methotreksati pekee. Gharama yake ni mzigo, kwa hiyo ulizeni bima mapema, kabla haijahitajika. Na msiache dawa macho yakitulia. Sisi tumeambiwa angalau miaka 2 ya utulivu ndipo kupunguza kuzungumziwe.

Mama wa Tabata:

Asanteni sana, nimewasomea wote nyumbani. Swali moja: mwalimu anasema binti haoni vizuri maandishi ya daftarini, ila ubaoni anaona. Je, ni ugonjwa umezidi?

Muuguzi wa Macho, Ilala:

Inaelekea ni atropini, kwa kuwa huzuia jicho kujirekebisha kuona karibu na humfanya mtoto aumizwe na jua, hivyo kofia na maandishi makubwa vitamsaidia. Lakini mpeleke apimwe uwezo wa kuona kila jicho peke yake, bila kusubiri tarehe ya kliniki, kwa sababu katika umri wake ubongo huweza kuzoea kulipuuza jicho lenye ukungu. Nenda na matone yenyewe mkononi, na umweleze daktari saa ya mwisho uliyoyaweka.