MJADALA: Wanajeshi 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe, ule msamaha wa Uingereza wa 2006 unatosha?

Wadau, nimeirudia King & Country, muvi ya Uingereza ya 1964, haina rangi, dairekta Joseph Losey, na bado imenikaa kooni. Kwa ambaye hajaiona: ni 1917, Vita Kuu ya Kwanza, kule Passchendaele, Ubelgiji, mvua haikatiki, tope kila mahali. Kijana Arthur Hamp (Tom Courtenay) alijiunga jeshi kwa hiari yake, wenzake wa kampani wamekwisha wote kabaki peke yake, akatumbukia kwenye shimo la bomu nusura azame kwenye tope, baada ya hapo siku moja akaanza tu kutembea arudi kwao. Akadakwa, kesi ya utoro, adhabu kifo. Anayepewa kumtetea ni Kapteni Hargreaves (Dirk Bogarde), na mwanzoni wala hamhurumii.

Kinachoniuma ni kwamba ile mahakama haina uonevu wa wazi. Mtetezi yupo, mashahidi wanaitwa, utaratibu unafuatwa. Daktari wa kikosi anaeleza bila aibu kwamba kijana alipomwendea anatetemeka alimpa dawa ya kuharisha. Huku nje askari wenzake wamekamata panya nao wanamfanyia kesi yake kwenye tope! Mahakama inaomba Hamp ahurumiwe, jibu linatoka juu kwamba auawe, maana kikosi kinarudi mstari wa mbele na lazima askari waone mfano. Asubuhi wanaofyatua ni wenzake, hawamuui vizuri, inabidi Hargreaves mwenyewe ammalizie kwa bastola.

Waliotengeneza hii kitu wengine walikuwa na machungu yao. Losey ni Mmarekani aliyehamia Uingereza baada ya Hollywood kumnyima kazi kwa tuhuma za ukomunisti, na Larry Adler aliyepiga kile kinanda cha mdomo yalimkuta hayohayo.

Sasa tuje kwenye ukweli wenyewe. Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza lilihukumu kifo watu zaidi ya 3,000, na waliouawa kwa utoro, woga na makosa kama hayo ndio hao 306. Mwaka 1993 Waziri Mkuu John Major alikataa kuwasamehe, 1998 serikali ikaishia kusema inasikitika, mpaka 2006 ndio bunge likapitisha msamaha. Lakini isomeni hiyo sheria yenyewe jamani, inasema wazi kwamba haigusi hatia wala hukumu, na haimpi mtu haki ya fidia. Yaani umesamehewa ila bado ni mtoro! Mimi nasema hapana, hatia ifutwe.

Najua jibu la wengi, kwamba tusihukumu ya 1917 kwa macho ya leo. Sawa, tuhukumu kwa macho ya wakati huohuo. Kati ya kila kumi waliohukumiwa kifo kama tisa hawakuuawa, kwa hiyo majenerali walijua kabisa kuna njia nyingine wakachagua nani afe. Na Australia, ambao walikuwa kwenye mahandaki yaleyale, hawakukubali askari wa jeshi lao hata mmoja apigwe risasi kwa utoro, na walipigana mpaka mwisho.

Hoja ninayoiheshimu ni ile ya waliobaki handakini wakafa, kwamba tunawavunjia heshima. Ila Hamp naye alibaki, alibaki mpaka wenzake wote wakaisha, na ambaye hakutoroka hapungukiwi kitu mwenzake akifutiwa hatia.

Kuna wanaotaka ipitiwe faili moja moja kwa sababu kweli wapo waliotoroka zaidi ya mara moja. Hao naomba wanijibu kuhusu Harry Farr, aliyepigwa risasi Oktoba 1916. Huyu alishalazwa miezi kwa mshtuko wa vita, kesi yake ilichukua kama dakika 20, hakuwa na wa kumtetea, daktari aliyemtibu hakutoa ushahidi. Mjane wake akakatiwa pensheni, na binti yake alishafika miaka 93 ndipo msamaha ukatoka. Sasa faili lake ukilifungua leo utakuta nini humo cha kumsafisha, wakati waliolijaza ndio haohao waliomuua?