Mafunzo ya maisha ndani ya Utenzi wa Hati

Mwalimu_Moshi: Wakuu, kidato cha pili, kipindi cha dakika 40. Nitoeje mafunzo ya Utenzi wa Hati wa Shaaban Robert bila kugeuza darasa mahubiri?

Mdau_Arusha: Beti 3 zinatosha. Zisomwe kwa sauti mara mbili, wasikie vipande vitatu vya kwanza vya kila ubeti vikigongana vina. Kisha kila ubeti waugeuze nathari, yaani lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, sentensi moja. Hatua hii ikirukwa, wataandika "tuwe na adabu" kwa kila shairi, na utamu wote unapotea.

Mama_Kiborloni: Naunga mkono. Mwalimu, anza na nafsi nenewa, yaani anayeambiwa: baba anamuusia binti yake, Mwanjaa. Asipotajwa, ushauri unasikika kama amri. Wavulana wapewe pia Utenzi wa Adili, aliomwandikia mwanawe wa kiume.