GITT kwenye LFP: katikati D inaporomoka, nisome vipi?

Fundi_Seli: Wakuu, habari za jioni. Kwa GITT (njia ya mkondo kwa vipindi na mapumziko) napima D, yaani wepesi wa ioni za lithiamu kusambaa, kwenye kathodi ya betri ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti). Nawasha mkondo dakika 10, nazima, naiacha seli ipumzike saa 2, narudia. Mwanzo na mwisho wa chaji D inaeleweka. Katikati, volteji ikiganda karibu na 3.4, inaporomoka mara elfu. Ioni zimelala kweli, au fomula inanichezea?

Mzee_wa_Potenshiostati: Fomula, mkuu. Hesabu ya GITT, ya watafiti Weppner na Huggins ya 1977, inadhani lithiamu imetapakaa taratibu ndani ya awamu moja. LFP katikati ina mbili, LiFePO4 (yenye lithiamu) na FePO4 (isiyo nayo) bega kwa bega, ndiyo maana volteji haisogei. Sasa kwenye fomula ya D, badiliko la volteji kati ya pumziko moja na lijalo liko juu ya mstari wa kugawanya, tena limepandishwa kipeo cha pili. Likikaribia sifuri, D itaachaje kuzama?

dada_kemia: Na L, umbali wa ioni kusafiri kwenye fomula, umeweka nini? Unene wa elektrodi nzima? Weka nusu kipenyo cha chembe ya LFP, uipime kwa hadubini ya elektroni. L ikipotoka mara 10, D inapotoka mara 100.

Mzee_wa_Potenshiostati: Pale kituo cha utafiti cha ISIS, Uingereza, walipenyeza myuoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) ndani ya LFP wakasoma miruko ya ioni bila kutegemea volteji. Sisi huku mashine moja tunapangiana zamu 😅

Fundi_Seli: Shukrani. L ni ya chembe, dada. Katikati naacha grafu wazi, naandika sababu chini yake.